Vumbi Hutangulia Ukame



Mwezi wa Agosti, hapa Kalemie, jua huchomoza jekundu juu ya ziwa, na jioni hupotea kabla halijagusa milima. Upepo wa kusini-mashariki, uvumao tangu Mei hata Septemba, huleta ukungu mkavu unaoingia kila mahali: machoni, mtungini, hata katika unga wa mihogo ulioanikwa juani. Mama hupangusa meza asubuhi, na kabla ya adhuhuri aweza kuandika jina lake kwa kidole juu ya meza ile ile. Watu husema, "Ndicho kiangazi," na maneno yamekwisha.

Lakini ukungu huo una asili yake. Sehemu yake ni moshi wa mioto ya porini. Sehemu nyingine ni udongo, nao haukutoka mbali sana kama wengi wadhanivyo. Umetoka njiani na viwanjani, na zaidi umetoka katika mashamba yaliyochomwa moto yakaachwa uchi mpaka mvua ije. Anayepangusa meza anapangusa shamba la mtu, pengine lake mwenyewe. Tena ni sehemu iliyo njema ya shamba lile, maana upepo hujua kuchagua: huchukua kilicho chepesi, yaani mboji na udongo laini wenye chakula cha mimea, ukamwachia mkulima mchanga na kokoto.

Juma hili, basi, twataka kusema juu ya vumbi na ukame. Watu wengi hudhani ya kuwa ukame hutangulia, kisha vumbi likafuata. Sisi twaona ni kinyume. Vumbi hutangulia, na mbele ya vumbi kuna jambo jingine tena, ambalo halitoki mbinguni wala porini, bali sokoni.

Nchi yetu si nchi kavu. Kalemie hupata zaidi ya mita moja ya mvua kwa mwaka, karibu yote kati ya Oktoba na Mei. Ndugu zetu Wagogo wa Dodoma, ng'ambo ya ziwa na mbali kidogo, hupata karibu nusu ya hiyo. Walakini twajua sote jinsi mvua ikatikavyo kwa majuma mawili au matatu mwezi wa Januari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hapo mkulima mwenye udongo wenye mboji hungoja kwa wasiwasi, lakini hungoja. Jirani yake, ambaye udongo wake ulikwenda na upepo wa Agosti na maji ya Novemba, hana la kungojea. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na mpaka kati yao ni njia ya miguu tu. Mmoja atasema mwaka ulikuwa mbaya kidogo, mwingine atasema ulikuwa wa ukame, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Chukueni chupa mbili za plastiki, mzikate makalio, mzibe midomo kwa kitambaa, mzigeuze juu chini. Moja ijazeni udongo wa chini ya mwembe mzee au wa kichakani. Nyingine udongo wa shamba lililochomwa moto mwaka hata mwaka. Mimineni kikombe kimoja cha maji katika kila chupa. Tazameni yapi yaingia upesi na yapi yasimama juu. Tazameni rangi ya maji yatokayo chini, kisha pimeni yamebaki kiasi gani ndani. Hatuwaambii mtakaloliona. Mwalimu atoaye jibu kabla ya swali huharibu somo.

Wengine watatuuliza: ukame gani, nasi mwaka 2024 tulihamishwa na maji? Ni kweli. Mwaka ule ziwa lilipanda hata kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964. Nyumba za ufukweni ziliingiliwa, hapa kama kule Uvira, Bujumbura na Kigoma, na bustani za mboga zikawa mahali pa samaki. Maji ya ziwa hili hutoka kwa njia mbili tu: sehemu kubwa hupaa angani kwa jua na upepo, na sehemu ndogo hushuka kwa mto Lukuga, ambao mlango wake uko hapa hapa kwetu. Mlango huo wenyewe uliwahi kuzibwa. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliukuta umejaa matete na nyasi, maji yakitoka kwa shida. Ziwa likazidi kupanda, hata miaka michache baadaye maji yakakivunja kizuizi, na ziwa likashuka yapata mita 10 katika muda wa miaka 15 hivi. Kizuizi hicho hakikujengwa kwa mawe. Kilikuwa matete na udongo uliokokotwa na maji ukatua pale. Udongo upoteao mlimani haupotei, wahamia tu mahali pasipoutaka.

Tena mwaka ule wa 2024 una fundisho jingine. Mvua zilizolijaza ziwa letu zilihusiana na joto lisilo la kawaida katika bahari kubwa, lile waliitalo El Niño. Joto hilo hilo, lililotuletea sisi maji, liliwaletea jirani zetu wa Zambia jua kali. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ya kuwa ukame ule ni msiba wa taifa zima. Katika hekta zipatazo milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, karibu milioni moja ziliharibika. Sasa, Katanga yote hula mahindi ya Zambia. Zambia ikishika magunia yake, unga hupanda bei Lubumbashi, na huku kwetu masoko yangojayo mashua za kutoka Mpulungu husikia maumivu hayo hayo. Kwa hiyo jamaa ya Kalemie ambayo bustani yake ililala chini ya maji ilinunua, siku zile zile, chakula kilichopandishwa bei na ukame wa nchi nyingine. Tangu hapo hatuna budi kukubali ya kuwa ukame waweza kufika mlangoni mwa mtu hata mvua ikinyesha juu ya paa lake.

Habari ya vumbi iliyo mashuhuri kuliko zote yatoka Marekani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 ngano iliadimika Ulaya, na bei yake huko Marekani ikapita dola 2 kwa kila kilo 27 hivi, ndicho kipimo chao. Watu wakakimbilia nyanda za Kansas, Oklahoma, Texas na Colorado, ambako nyasi zilikuwa zimeushika udongo tangu kale, wakazipindua kwa matrekta. Vita vikaisha, bei ikaanza kuanguka. Yafaa tuangalie vema walilolifanya hapo. Bei iliposhuka hawakulima kidogo, walilima zaidi, maana mwenye deni la trekta alihitaji kuuza magunia mawili, halafu matatu, apate fedha aliyoipata zamani kwa gunia moja. Mwaka 1932 kipimo kile cha dola 2 kilikuwa hakifiki senti 40. Ndipo mvua zilipokatika, na kuikuta nchi haina nguo. Mwezi wa Mei 1934 vumbi lake lilifika New York na kuangukia meli zilizokuwa baharini. Tarehe 14 Aprili 1935, nayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, ukuta mweusi wa vumbi ulizishukia nyanda zile mchana, na watu wakawasha taa kama usiku. Kabla ya 1940 watu yapata milioni 2 na nusu walikuwa wameihama nchi ya nyanda.

Ukame ulikuwako huko hata zamani, na nyasi zilikuwa zikiuvumilia. Kilichokuwa kipya ni deni.

Serikali yao ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo katika mwezi ule ule wa Aprili 1935. Iliwafundisha watu kulima kwa matuta yakingamayo mteremko, na kabla 1942 haijaisha miti zaidi ya milioni 200 ilikuwa imepandwa iwe kinga ya upepo. Hayo husimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba iliwalipa wakulima fedha ili wasilime mashamba fulani. Waliokuwa na akili miongoni mwao walielewa ya kuwa mtu mwenye deni hawezi kuupumzisha udongo kwa kuhubiriwa tu.

Msomaji atasema: Wamarekani walikuwa na matrekta, sisi tuna majembe. Ni kweli, lakini trekta yetu sisi ni gunia la makaa. Mkulima asipopata bei ya mahindi yake hupanda mlimani na shoka, kwa sababu makaa hununuliwa kila siku na hayaozi. Hatumlaumu kwa haraka. Mtoto wa sekondari hufukuzwa darasani mwezi wa Oktoba, si mwezi wa mavuno. Na tukumbuke ya kuwa tangu 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwatoa watu vijijini mwao. Katika 2017 waliohamishwa katika jimbo letu la Tanganyika walipita nusu milioni, na wengi walikuja kujenga vibanda kuuzunguka mji huu. Watu hao walipaswa kupika. Milima ya karibu yaonyesha walipikia nini, na sisi tulionunua makaa yao sokoni tulipikia nini.

Turudi kwenye mahindi, maana hapo ndipo kiini kilipo. Mkulima wetu huvuna kati ya Februari na Aprili. Wote huvuna pamoja, wote huuza pamoja, na mfanyabiashara mwenye mashua au lori huja akitabasamu. Miezi sita baadaye mkulima yule yule hurudi sokoni na kununua kwa kopo mahindi aliyoyauza kwa gunia. Akipiga hesabu ataona kwamba amemkopesha tajiri chakula kisha akamlipa yeye riba. Kwa nini asingoje? Kwanza, deni. Pili, dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Upande wetu wa Afrika alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa. Ghala aliyoiingia, baada ya miezi michache huachwa na maganda na unga usiofaa: vumbi jingine hilo, la ndani ya nyumba. Mtu ajuaye kwamba mahindi yake yatageuka vumbi kabla ya Agosti huuza Aprili kwa bei yoyote. Na mihogo, ambayo wazee waliiita ghala ya chini ya ardhi, nayo haituamini tena kama zamani, kwa kuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mizizi ingali udongoni, huku majani juu yakionekana mazima na sombe likichumwa kama kawaida.

Wazee wanaokumbuka zamani za Albertville husema, angalau siku zile mnunuzi alijulikana. Hatudhani kwamba mambo yalikuwa mema. Sheria ya 1917 iliwalazimu watu wa Kongo kulima mazao kama pamba hata siku 60 kwa mwaka, kwa bei waliyopangiwa, na shamba la chakula likangoja. Pamba ilisokotwa hapa mjini katika kiwanda cha Filtisaf, ambacho kimenyamaza kitambo. Leo hapana amlazimishaye mtu kulima, wala hapana amngojeaye mtu na mzani wa haki. Kulazimishwa kumekwenda pamoja na soko, nasi tulitaka kimoja tu kiende.

Jinsi ghala tupu inavyogeuza ukame mdogo kuwa msiba, Wagogo walijifunza kwa uchungu mkubwa. Vita ile ya 1914 ilipita hapa petu. Reli ilifika ziwani mwaka 1915, manowari mbili ndogo za Waingereza zilishushwa majini hapa mwezi wa Desemba mwaka huo, na 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka na kwenda hata Tabora. Kila jeshi, la Wadachi kama la Waingereza na Wabelgiji, lilikula chakula cha wakulima na kuwatwaa vijana wao kuwa wapagazi. Ugogo, iliyo njiani mwa reli ya kati, ilichukuliwa nafaka na ng'ombe mara nyingi, na mikono ya kulima ikapungua. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wenye kuichunguza wakadiria ya kuwa iliua watu yapata 30,000. Wagogo walikuwa wameiona miaka mikavu mingi kabla ya huo, wakaivuka kwa akiba na kwa ng'ombe wa kubadilishana na jirani. Safari hii hapakuwa na cha kubadilishana.

Katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo, pale Kongwa, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 kulima karanga kwa mashine, ikikusudia jumla ya ekari zaidi ya milioni 3. Udongo uliofyekwa ukakauka kama tofali, mvua hazikusoma mpango wao, na mwanzoni mwa 1951 kazi ikaachwa, fedha pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimepotea. Twaitaja kwa sababu moja: walikuwa na fedha, mashine na wataalamu, wakashindwa na udongo ulio uchi kama ashindwavyo mtu mwenye jembe.

Je, yuko aliyeponya nchi ya namna hiyo? Yuko, wala si mbali. Shinyanga, katika Usukuma, ilikuwa imekwisha kufananishwa na jangwa. Miti ilikuwa imekatwa, mingine kwa amri ya serikali ya kikoloni iliyotaka kuwafukuza mbung'o, mingine kwa ajili ya pamba na kuni. Mwaka 1986 kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga ilianzishwa. Mwanzoni walihimiza kupanda miche kama kila mahali. Lililofaulu zaidi lilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiiguse mpaka kiangazi kikali, na jamaa au kijiji kikailinda kwa sheria zake. Katika muda wa miaka 20 hivi zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na nyasi na miti. Visiki vilikuwa havijafa, vilingoja tu kuachwa. Kule Kondoa serikali ilitumia njia kali zaidi, ikawaondoa ng'ombe wote katika nchi iliyomomonyoka mwaka 1979. Makorongo yalipona, lakini sisi hatungependa kuona njia hiyo ikitumika kwetu, maana ponyo la udongo lililipwa na wenye mifugo peke yao.

Kwetu hatuna ng'ombe wengi. Ng'ombe wetu ni moto. Miti mingi ya miombo huchipuka kisikini bila kupandwa, ikiwa moto haukupita hapo mwaka kwa mwaka, na kijiji kiwezacho kukubaliana kwamba mlima fulani hautachomwa kwa miaka mitano kimefanya kazi kubwa kuliko kugawa miche elfu itakayokauka Julai. Mabua yasichomwe, yalazwe kwa kukingama mteremko. Mahindi ya akiba yakaushwe vema, yatiwe katika pipa au gunia lisilopitisha hewa, maana dumuzi naye hupumua. Jamaa kumi zikiweka pamoja na kukataa kuuza kabla ya Agosti, mwenye lori atalazimika kutabasamu kwa namna nyingine.

Lakini hayo yote humfaa mwenye shamba lake. Wengi wa waliokimbia vijiji vyao hulima mashamba ya kuazima, msimu mmoja mmoja. Wakilitengeneza shamba vizuri, mwenyewe hulirudia mwaka wa pili. Wao huhamia kipande kingine na kuanza tena kwa shoka na kiberiti. Hakuna mtu mwenye akili atakayepanda mti au kuacha kisiki kichipuke katika shamba atakalonyang'anywa Mei. Kwa hiyo twawaomba wenye ardhi, pamoja na machifu na wazee wa vijiji vya kandokando ya mji, wafikiri juu ya kuazimisha kwa miaka mitatu au minne, mbele ya mashahidi, na kuandika katika daftari: mpaka ni upi, visiki vipi visiguswe, mwenye shamba atapewa debe ngapi, na siku gani litarudi mikononi mwake. Karatasi moja yatosha, yenye vidole gumba vya pande zote. Iandikwe Septemba, kabla ya mvua, kwa kuwa zikianza kunyesha kila mtu atakuwa shambani na hatapatikana.